Mukono Ndani

Ukiingia Buyenzi, mtaa wetu wa mafundi hapa Bujumbura, kwa miguu, kama tunavyoingia wengi siku hizi, utaijua kazi ya Namegabe kabla hujamjua mwenyewe. Kwenye ukuta wa kwanza kuna pistoni ya rangi ya fedha, kubwa kama pipa, na chini yake herufi nyekundu: DAKTARI WA MOTERI, yaani injini. Kwenye wa pili kuna betri yenye miguu, inakimbia. Mbele kidogo, nje ya duka la vipuri vya breki, kuna gari la njano lililosimama karibu kabisa na kuku, na kuku wala hakushtuka.

Namegabe alivuka mpaka wa Gatumba akiwa kijana, akitokea upande wa Bukavu, na mfuko wenye suruali mbili na brashi za marehemu baba yake mdogo. Tangu hapo hajachora kitu ambacho hakukiona kikifunguliwa. Akiagizwa kuchora karbureta, huomba fundi aifungue mbele yake, airudishe, kisha aifungue tena. Mafundi humcheka.

"We Namegabe, unataka kuchora ao unataka kutunyanganya kazi?"

"Kama sijue inaingiaka wapi, rangi itadanganya," huwajibu, huku amekodoa macho.

Si mtu mkubwa. Hakuna redio iliyowahi kumtafuta. Lakini picha yake moja imesafiri kuliko sisi sote, imo ndani ya albamu za watu wasiojua kama Buyenzi ipo, na kila nikiifikiria damu inanichemka. Ndiyo maana mimi, mtoto wa mtaa huu, nasimulia.

Alikuwa akifanyia kazi katika ua wa Raihana. Raihana alirithi gereji ile kwa baba yake. Huketi dirishani akiuza vipuri, na mbele yake kuna kioo cha kukuzia cha kusomea nambari ndogo zinazochongwa kwenye beringi. Ufunguo wa kila gari linaloingia uani hukaa kwake, na gari likitakiwa kuwashwa, huliwasha yeye.

Katika ua ule, na katika nyua zote za Buyenzi ninazozijua, kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Fundi akitaka kuingiza mkono mahali ambapo chuma kinaweza kusogea, huita kwanza: "Mukono ndani!" Aliye karibu, awe fundi, awe mteja, awe muuza sambusa anayepita, lazima ajibu: "Tumeona!" Fundi akishasikia jibu, ndipo mkono unaingia. Kuanzia hapo hakuna ufunguo unaogeuzwa, hakuna jeki inayoshushwa, mpaka aite tena: "Mukono inje!" Watoto wetu huyacheza maneno hayo mitaani. Wanawake huitana hivyo kwa utani wanapochota maharage ya moto. Ni sauti ya mtaa wetu, na kwa akili yangu ni kitu bora kuliko mengi niliyofundishwa chuo kikuu, kwa sababu maana yake ni moja tu: mkono wa mwenzako umo ndani ya chuma, na wewe umeukubali kama wako.

Fundi aliyeita kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Fortunat.

Fortunat alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye utani mkali, na mkono wake wa kulia ulikuwa na sifa hadi Kanyosha, mwisho wa mji. Aliuweka juu ya moteri inayonguruma kama mama anavyoweka kiganja juu ya paji la mtoto mwenye homa. Hakuuliza lolote. Baada ya kitambo angesema, "Silinda ya tatu," na ukifungua, ni silinda ya tatu. Namegabe alimpenda kwa sababu ndiye aliyekubali kufungua na kufungua tena. Ugonjwa wa moteri wote anaoujua mchoraji yule, aliufundishwa na mkono ule.

Kisha mafuta yakaadimika. Magari yakalala kwenye foleni za vituo vya petroli, na gari lililolala haliharibiki. Ua wa Raihana ukawa kimya. Majani yakaota chini ya minibasi iliyokuwa imeletwa kubadilishiwa gia na mwenyewe hakurudi. Wakati huohuo, kule mtaa wa viwanda, watu wenye mtaji wakajenga jumba refu la mabati na kuanza kuunganisha tuktuk za betri kutoka kwenye makasha. Hazina moteri ya mafuta. Hazina silinda ya tatu. Wakatafuta watu wenye mikono iliyozoea spana, na Fortunat akaenda.

"Banataka nikaze buloni," aliwaambia wenzake siku aliyoaga, akirusha bolti moja kiganjani. "Buloni tatu za gurudumu la nyuma. Basi. Nitakuwa mushonaji wa kushona vifungo."

"Mukono kama ule kukaza buloni tatu?" Raihana alimuuliza. "Wallahi ni kama kumutuma imamu kufagia barabara."

"Imamu naye anakula, dada."

Wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nani angenisikiliza?

Mwaka huohuo akaja Danielle. Ni dada wa hapahapa Bujumbura, msomi, mkarimu, anayefanya kazi na kampuni ya nje inayochapisha stempu kwa ajili ya wakusanyaji. Sijui kama kuna barua hata moja iliyobandikwa stempu zile. Zinatengenezwa ili zihifadhiwe kwenye albamu. Safari hii mfululizo wao ulikuwa historia ya viwanda, na stempu kubwa kuliko zote ilitakiwa ionyeshe jinsi magari yalivyoanza kuundwa kwa mstari, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika nchi ya baridi. Danielle alikuwa amepita mbele ya kuta za Buyenzi akaona pistoni na kuku. Akamtaka aliyezichora achore mchoro asilia, kwa rangi ya maji, kwenye karatasi nene, ambao baadaye ungepunguzwa mpaka uwe stempu.

Namegabe alifurahi mno. Mtu ambaye amechora ukutani maisha yake yote, akisimama, sasa aliketi mezani kwa mara ya kwanza. Alizipunguza brashi zake kwa wembe mpaka zikabaki na nywele chache tu. Akachora, na alipomaliza akamwita Danielle uani.

Danielle alitazama, akaanza kucheka kwa upole.

"Tonton Namegabe, hii ni gereji ya Buyenzi!"

Kweli ilikuwa gereji ya Buyenzi. Katikati kulikuwa na gari la kizamani limetulia, na watu wamelizunguka pande zote. Mmoja yuko chini yake, mmoja ameinama puani mwake, mmoja ameshika mlango, na pembeni mwanamke dirishani na funguo zake. Namegabe hakuelewa kosa liko wapi. Kwake gari ni mgonjwa. Mgonjwa hulala, na watu humjia.

"Ku chaîne, ku ule mustari, mutu hatembei," Danielle akamweleza. "Mutu anasimama fasi moja, gari ndiyo inapita mbele yake. Kila mutu anatia kitu kimoja, inaenda kwa mwingine."

"Na nani anajua gari yote?"

Danielle akafikiri. "Hakuna mutu. Ile chaîne ndiyo inajua."

Namegabe akaigeuza karatasi yake kifudifudi mezani. "Sijapata kuona kitu kama icho," akasema. "Siwezi kuchora kitu sijaona."

Basi Danielle akamwombea ruhusa aingie katika lile jumba la mabati, akae pembeni na karatasi zake, aone mstari ulivyo.

Aliponisimulia siku hiyo, Namegabe alianza na kelele. Hakuona kitu mwanzoni, alisikia tu. Mabati yalitetemeka. Chini, katikati ya sakafu, kulikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji mnyororo wa chuma uliovuta vigari vidogo, na juu ya kila kigari tuktuk isiyokamilika. Mnyororo ulivuta, ukasimama, ukavuta tena. Kila uliposimama, watu wote waliinama pamoja. Kila ulipovuta, wote waliinuka pamoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Swichi ya kuuendesha ilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, na aliyeishika hakuwaona watu; aliangalia saa. Kabla ya kuvuta, taa ya kijani iliwaka juu ya mlango.

Fortunat alikuwa katikati ya mstari, karibu na gurudumu la nyuma. Namegabe alianza kumchora, kwa kuwa huyo ndiye uso alioujua. Akachora mabega. Akachora mkono. Na kwa kuwa yeye huangalia mpaka kitu kimwambie kinapoingia, akaona mambo mawili.

La kwanza, Fortunat alipoinama, taa ya kijani ilikuwa nyuma ya mgongo wake.

La pili lilimchukua muda. Buloni zilikuwa zikiteleza na kuangukia mfereji, na Fortunat aliziokota kwa kuingiza mkono kando ya mnyororo uliosimama. Kila alipofanya hivyo, midomo yake ilifunguka na kufungika. Mara ya kwanza Namegabe alidhani anaimba. Mara ya pili akausoma mdomo.

Mukono ndani.

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyegeuka hata kichwa. Mkono uliingia, ukatoka, mnyororo ukavuta.

Namegabe alisema kwamba penseli ilimponyoka. Alisema pia kwamba aliendelea kuchora, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na kwamba kila mara mnyororo uliposimama alijikuta ananong'ona mwenyewe, pale kwenye kiti chake, kama mjinga: "Tumeona. Tumeona. Tumeona."

Jioni alimngoja Fortunat langoni, wakarudi pamoja kwa miguu.

"Fortunat, ulikuwa unaita."

"Mi? Wapi?"

"Pale. Ukitia mukono. Unasema mukono ndani."

Fortunat akacheka. "Kumbe! Mulomo umezoea, ndugu yangu. Mulomo wa Buyenzi hauna congé, haupumziki."

"Na nani anakujibu?"

"Nani atasikia mule? Siku za kwanza nilikuwa nangojea. Mwenzangu wa mbele akanitukana, tuktuk imepita bila buloni. Nikaacha kungojea."

"Lakini hukuacha kuita."

"Kuita hakuna kazi."

"Iko na kazi," Namegabe akasema, na akasimama katikati ya barabara, baiskeli zikimkwepa. "Ukiita, mukono wako unafikiri umejibiwa. Mi nimeuona. Unaingia pole pole, kama uko kwetu. Mutu mwenye hakuita angeingia na woga, angetoka mbio."

Hapa ndipo mahali ninapotaka kila msomaji wangu asimame. Fortunat alikuwa amebeba nusu ya desturi. Nusu inayoita alikwenda nayo kiwandani. Nusu inayojibu ilibaki Buyenzi, kwa sababu hiyo haibebwi na mtu mmoja. Hukaa kwa wengine. Aliyeujenga mstari ule alihesabu kila kitu, urefu wa mnyororo, idadi ya buloni, muda wa kuinama. Jibu hakulihesabu. Hakujua kama lipo.

"Achana na ile kazi," Namegabe akamwambia.

"Nirudie gereji gani? Ile yenye majani?"

"Basi usitie mukono. Acha buloni ianguke."

"Sha, ikianguka tatu banakukata mushahara. Twende. Unaongea kama mama mukwe wangu."

Kesho yake Namegabe alikwenda kwa Térence, msimamizi wa mstari, mtu mwenye haraka aliyeongea akitembea. Alimwonyesha mchoro: hapa mtu, hapa taa, hapa swichi. Akamweleza kwamba aliyeko swichini angeweza kufundishwa kujibu, na kungoja aitiwe "mukono inje".

"Muzee," Térence akasema, "hii haiko soko. Hapa hakuna kuita. Hapa kuko taa."

"Taa iko nyuma ya mugongo wake."

"Ageuke."

"Akigeuka, buloni tatu hazitaingia. Nimehesabia macho yake, patron. Hayana nafasi."

Térence akausimamisha mwendo wake kidogo, akautazama mchoro, na Namegabe alisema aliona kwamba mtu yule ameelewa. Kisha uso ukafungika. "Bibi Danielle aliniambia unakuja kuchora, sio kufundisha. Umekwisha kuchora? Bon." Na mlinzi akaambiwa asimruhusu tena.

Basi Namegabe akarudi mezani pake, katika ua ule wenye majani, akachora kitu pekee alichoweza. Alichora jumba la kizamani, kofia za kizamani, magari meusi yenye magurudumu membamba, yote kama Danielle alivyoagiza. Lakini mstari ulikuwa ule aliouona. Watu wameinama pamoja. Aliye katikati ana mabega ya Fortunat, mkono wake wa kulia umo kando ya mnyororo, na mdomo wake umefunguka. Nyuma ya mgongo wake, juu ya mlango, kuna taa.

Fortunat alikuja kuitazama siku yake ya mapumziko. Hakutania. Alikaa mbele yake mpaka chai aliyoletewa na Raihana ikapoa.

"Yampaye," akasema mwishoni. "Kumbe ndiyo hivi niko?"

"Ndiyo hivi uko."

"Naonekana kama mutu wa kuzama mu maji."

Akainuka, akaupapasa mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, na akasema atamaliza mwezi, kisha atatafuta kitu kingine. Tukaamini. Yeye mwenyewe aliamini.

Kama hujawahi kuiona tuktuk ya betri ikifika, jambo la kwanza la kujua ni kwamba huisikii. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika, ua umejaa madimbwi. Namegabe alikuwa akitia rangi ya mwisho kwenye kofia. Raihana aliinua kichwa akaikuta imesimama langoni, mpya, nailoni ikiwa bado kwenye viti. Ilikuwa imeletwa pale kwa sababu mgonjwa hapelekwi hospitali bila mtu wa kumlinda, na Fortunat, alipoulizwa apitie kwa nani, alisema kwa Raihana.

Alikuwa kiti cha nyuma. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa koti la kazi la mtu mwingine.

Namegabe alimkimbilia. Fortunat alikuwa na macho makavu, makubwa, na alisema jambo moja tu, akalirudia mpaka hospitali.

"Niliita. Namegabe, mi niliita."

Kilibaki kidole gumba. Vingine vinne na kipande cha kiganja, kile kilichojua homa ya moteri, vilibaki mferejini. Térence alikuja kumtazama, na sitasema kwamba alikuja bila huzuni. Alisimama kando ya kitanda na kofia mkononi, akatembea hatua mbili huku na mbili kule, na akatoa maelezo ambayo nina hakika alikuwa amefundishwa, maana hakumtazama mtu. Kwamba sheria ya kazi ni taa. Kwamba taa ilikuwa imewaka. Kwamba mfanyakazi aliingiza mkono bila kuangalia taa.

"Na kuita?" Namegabe akauliza.

"Hakuna mutu alisikia mutu kuita."

"Ndiyo," Namegabe akasema. "Ndiyo nilikuambia."

Danielle alifika kuchukua mchoro akiwa hana habari ya lolote. Namegabe hakumwambia mara moja, alimwacha atazame. Na Danielle aliweka mkono kifuani, kwa sababu picha ilikuwa nzuri mno, na yeye anajua picha. Akaipiga picha kwa simu, akaipunguza kwenye kioo cha simu mpaka ikawa ndogo kama ukucha, ili aione itakavyokuwa. Akakunja uso.

"Tonton, kitu kimoja. Huyu wa katikati. Mulomo wake, ukipunguza, unakuwa doa jeusi. Batasema ni uchafu wa mashine ya kuchapa. Umufunge tu, kidogo. Brashi moja."

"Apana."

"Brashi moja, tonton."

"Uyo mutu anaita."

"Anaita nani? Ku timbre, stempu ndogo hivi?"

"Sijue," Namegabe akasema. "Nangojea mutu wa kumujibu." Kisha akamweleza.

Danielle alilia. Ninasema hivyo ili haki itendeke: alilia pale pale, kwenye kiti cha gari kilichong'olewa ambacho mafundi hukitumia kama kochi, na Raihana akamletea maji. Akaahidi kwamba mdomo utabaki wazi, kwamba atawaandikia wakubwa wake na kuwaeleza. Akaufunga mchoro ndani ya nailoni, akaondoka nao ukiwa vile vile.

Stempu zikaja baada ya msimu mwingine wa mvua kupita. Danielle mwenyewe hakuja. Alizituma ndani ya bahasha ya nailoni inayoonyesha, na kutokuja kwake kulitosha kutupa habari. Mafundi wakakusanyika dirishani. Raihana akaleta kioo chake cha kusomea beringi, akaishika stempu kwa koleo dogo ili isipate mafuta, akatazama. Kisha akampa Namegabe. Namegabe akatazama, akampa Fortunat, ambaye aliipokea kwa mkono wa kushoto.

Kila kitu kilikuwepo. Jumba, kofia, magari meusi, mnyororo. Rangi zilikuwa safi, za kupendeza, na mwanga uliingia madirishani kama asubuhi ya sikukuu. Mtu wa katikati alikuwa ameinama kwa bidii. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima, vidole vyote. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na kule walikoufunga, katika nchi ambayo hatuijui, mtu fulani aliyetaka kazi iwe nadhifu alikuwa ameupinda kidogo pembeni, ukawa tabasamu.

"Banasema nafurahi," Fortunat akasema.

Nakumbuka kwamba nilitaka kuichana, na Namegabe akanizuia. "Iache," alisema. "Mutu ajue walifunga nini."

Nafasi ya Fortunat kwenye mstari haikukaa tupu. Aliyekwenda alikuwa Prodige, fundi wa ua huohuo, kijana mwenye mke na mkono mwepesi. Hakuna wa kumlaumu. Majani chini ya minibasi yalikuwa yamefika magotini. Kabla hajaanza, Fortunat alimkalisha kwenye kile kiti cha gari, akamfundisha. Mimi nilikuwepo. Ni somo baya kuliko yote niliyowahi kusikia, na lilitolewa kwa upendo.

"Usiite," alimwambia. "Unanisikia, Prodige? Hata mu moyo. Mutu mwenye kuita anangojea jibu, na mule halitakuja. Ukitia mukono, tia kama mwizi. Nyamaza, chukua, toka."

"Nitasahau, kaka. Nimezoea."

"Fanya zoezi."

Na Prodige akafanya zoezi. Ndani ya ua wa Raihana, mbele ya macho yetu, akaingiza mkono ndani ya moteri iliyozimwa, akautoa, akauingiza, akautoa, midomo imebanwa. Mara ya kwanza neno lilimponyoka, na Fortunat akampiga kofi la begani. Wakaendelea mpaka likaacha kuponyoka. Namegabe alikuwa kwenye ngazi, akirudishia rangi pistoni ya fedha iliyopauka. Nilimwona ameacha kupaka, brashi imening'inia, rangi inadondokea chini.

"Fortunat," aliita kutoka juu, "unamufundisha kufunga mulomo."

"Namufundisha kubaki na mukono."

Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Prodige alijifunza vizuri. Alikaa kiwandani na vidole vyake vyote, akasifiwa. Kisha mafuta yakapatikana kidogo, na mwenye minibasi akarudi ghafla akitaka gari lake. Raihana akawaita mafundi wake wa zamani waje siku ya mapumziko kusaidia, Prodige miongoni mwao. Ua ukafufuka. Kulikuwa na kelele nzuri, matusi ya zamani, sambusa. Gia mpya ilishafungwa, boneti iko wazi. Raihana aliketi nyuma ya usukani, ufunguo mahali pake, akingoja aambiwe ajaribu. Alitega sikio, kama alivyotega miaka yote. Hakusikia "mukono ndani". Mtu mmoja akasema, "Haya, dada, jaribu."

Fortunat alikuwa amesimama upande wa pili na chai katika mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyeona. Prodige alikuwa ameinama puani mwa gari, midomo imebanwa, mkono wake wa kulia umeingia kati ya feni na mkanda mpaka kwenye kiwiko, kimya, kama mwizi.

Kikombe kilianguka.

"Mukono ndani!"

Sauti ile ilitoka kwa Fortunat, sauti kubwa kuliko zote alizowahi kutoa akiwa na vidole vyake, na aliita kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine. Raihana akaachia ufunguo kama umemuunguza. Na ua mzima, kutoka dirishani, kutoka chini ya gari, kutoka juu ya ngazi ya Namegabe, hata nje barabarani kwa watu wasiojua kilichotokea, ukajibu:

"Tumeona!"

Prodige aliinuka polepole. Alitazama mkono wake, akamtazama Fortunat. Alifungua mdomo ili aseme yale maneno mengine mawili ya kumaliza, "mukono inje", ambayo bila hayo gari haliwashwi. Tulimngoja. Raihana alingoja na mikono yake hewani. Midomo ya Prodige ikafunguka, ikafungika tena.

Hayakutoka.

Na Jumatatu, kabla jua halijawa kali, Prodige alipita mbele ya kuta za Namegabe kwa miguu, akielekea mtaa wa viwanda.